Maswali yenu: gemu ya bao, wiki 14 na prodyuza asiyefanya kazi

Tangu nitaje kwamba nasimamia wanafunzi wanne wanaotengeneza gemu ya bao la kiswahili kama mradi wa muhula, simu yangu haipumziki. Haya ni baadhi ya maswali yenu, nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Tuko wanne, mwaka wa pili. Gemu yetu itakuwa na mji mzima, magari, polisi, na watu wacheze pamoja mtandaoni. Muhula ni wiki 14. Tuanzie wapi? (Morogoro)

Marahaba. Anzeni kwa kufuta.

Pigeni hesabu. Kila mmoja akipata saa kumi kwa wiki, ninyi wanne mna saa 560. Toeni mitihani, umeme ukikatika, harusi ya dada na malaria ya mtu mmoja, mtabaki na 400 mkijitahidi. Gemu za miji mnazozipenda zinatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka.

Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha DigiPen, jimbo la Washington huko Marekani, walitengeneza gemu yao ya mradi, Narbacular Drop. Ilikuwa na wazo moja tu: unafungua tundu ukutani, unafungua jingine kwingine, ukiingia hapa unatokea kule. Mhusika mkuu ni binti mfalme ambaye haruki kabisa, hata jina walimpa la mtu asiye na magoti. Ona ujanja huo: pengo limegeuzwa utani, na hakuna aliyelalamika. Kampuni ya Valve iliiona, ikawaajiri, na mwaka 2007 wazo lilelile likatoka likiitwa Portal. Mji haukuwepo, wala polisi.

Chukueni gari moja na barabara moja. Mkifika wiki ya sita na gari linaendesheka na linafurahisha, ongezeni kona.

Mwenzetu amejipa cheo cha prodyuza. Hachori, haandiki kodi, anatuuliza tu "mmefika wapi?" Tumfanyeje? (Mombasa)

Kama anauliza tu, mnyang'anyeni cheo. Prodyuza wa kweli, yaani msimamizi wa ratiba na kazi za kundi, huwa hana muda wa kukaa.

Wa kwetu ni binti mwenye daftari la kurasa 96. Wiki ya tatu aligundua kwamba kijana anayeandika kodi, ya kompyuta, si ile ya TRA, amekaa siku nne bila kazi kwa sababu anasubiri picha za kete. Hakumgombeza mtu. Alifungua programu ya kuchorea, akaweka duara jeusi, akasema, "Hii ndiyo kete mpaka nyingine ije." Jioni ileile mashimo 32 yalikuwa ubaoni na kete zinatembea. Mchoraji akaendelea na kazi yake bila presha, kete nzuri zikaja wiki ya saba.

Kazi yake ya pili ni chungu zaidi: kukata. Mpango wa mwanzo ulikuwa na kunamua (kuingiza kete za mkononi), mtaji (kucheza kwa zilizo ubaoni tu), kucheza dhidi ya kompyuta na kucheza mtandaoni. Wiki ya tano akafuta mtandao. Wiki ya nane akafuta kompyuta, na hapo mmoja alinuna siku mbili. Wakabaki na watu wawili wanaopokezana simu moja. Mimi naona walipata zaidi kuliko walichopoteza, maana bao bila mtu wa kumtania mbele yako lina ladha gani?

Laptopu yangu ni ya zamani, RAM GB 4. Nisubiri ninunue nyingine? (Kisumu)

Usisubiri. Jaribu Godot. Ni injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 kodi yake iko wazi kwa kila mtu. Ni bure, hailipishwi hata gemu ikiuzwa, na bando la kuipakua halitakufilisi. Tengeneza gemu ya picha bapa, chagua mfumo wa uchoraji wa kompyuta dhaifu unapoanza mradi, na ufunge vivinjari vyote. Unreal, injini nyingine iliyo nzito, iache kwanza.

Tutajuaje kama gemu yetu ni nzuri? Marafiki wote wanasema ni kali. (Unguja)

Marafiki ni waongo wenye upendo. Tafuta mtu asiyekujua, mpe simu, kisha ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndiko kugumu.

Sisi tulikwenda kwenye baraza moja ambapo wazee wanacheza bao kila alasiri. Mzee mmoja akapokea simu, akaisogeza mbali na macho, akaangalia. Kabla hajagusa kitu akauliza, "Nyumba iko wapi?" Vijana walikuwa wamechora mashimo yote ya mviringo. Anayejua bao anajua nyumba ni shimo la mraba, na kete sita za mwanzo zinakaa humo. Wiki tisa za kazi na hakuna kati yetu aliyeliona hilo, mimi nikiwemo.

Akaanza kucheza. Kila kete ilichukua nusu sekunde kudondoka shimoni, na vijana waliona inapendeza. Lakini kwenye bao kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaokota zote na kuendelea, mpaka ilale. Mzunguko wa kete 40 ni sekunde 20 za kutazama. Mzee akaweka simu kwenye mkeka, akavuta kahawa yake, akasema, "Hii yenu inapanda kete au inasubiri ziote?" Kijana mmoja akafungua mdomo aanze kueleza. Prodyuza akamkanyaga mguu.

Usiku ule nusu sekunde ikawa sehemu ya kumi ya sekunde, shimo la nyumba likawa mraba, na wakarekodi mlio wa kete halisi zikigonga ubao. Tuliporudi wiki iliyofuata mzee alicheza mpaka adhana ya magharibi. Hakusifu. Aliuliza tu kwa nini kete zake ni chache, na hapo ukweli ni kwamba alikuwa anafungwa.

Tunahifadhi wapi kazi? Sasa hivi tunapeana flashi. (Tanga)

Miaka kadhaa iliyopita kundi langu jingine lilikuwa na flashi moja. Usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha, wawili wakanakili kazi zao juu ya mafaili ya mwenzao. Tulionyesha gemu isiyo na sauti wala ukurasa wa mwanzo. Tumieni Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yenu, tangu siku ya kwanza, na kila mtu awe na sehemu yake ya gemu asiyoshirikiana kuihariri na mwingine.

Mwanangu anasema anasomea gemu. Mwalimu, nambie kweli, hayo ni masomo? (Dodoma)

Mzazi wangu, wasiwasi wako naujua, na sitakuahidi ajira. Ila ndani ya gemu moja kuna hesabu, uchoraji, sauti, na kusikilizana na watu watatu kwa miezi. Wapo Waafrika waliofika mbali: gemu ya Semblance, iliyotoka 2018 kwenye Nintendo Switch, ni kazi ya vijana waliosoma chuo kikuu cha Wits, Johannesburg. Na kama mwanao anataka kuweka gemu yake Google Play, ada ni dola 25 mara moja tu, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipate watu wasiopungua 12 wa kuijaribu kwa siku 14.

Kuwa mmoja wa hao 12. Akikuletea simu, cheza, na akianza kukueleza mwambie anyamaze.