Maswali ya Wasomaji: Wimbo Uifuate Sauti

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wazima waliopenda kuimba tangu utotoni, na sasa kazi, malezi au umri vimeanza kuwabana. Tumejibu kila moja kwa urefu inaostahili.

Narudi nyumbani usiku watoto wameshalala, na nyumba ina kuta nyembamba. Nina robo saa tu kwa siku. Inatosha kuitunza sauti?

Inatosha, mradi iwe ya kila siku. Kuimba ni kazi ya misuli midogo sana ya kooni pamoja na misuli mikubwa ya mbavu na tumbo, na yote hujengeka kwa kurudiarudia, si kwa kushindiliwa saa mbili siku ya mapumziko. Uzuri ni kwamba zoezi tunalolithamini kuliko mengine halimwamshi mtu.

Tafuta mrija wa kunywea wenye upana wa milimita 5 au 6, na glasi ya maji iliyojaa nusu. Zamisha ncha ya mrija sentimita 2 hivi, ubane mrija kwa midomo, kisha toa sauti ya "uuu" ipite ndani yake hadi maji yafoke mapovu. Dakika ya kwanza shikilia noti moja iliyo karibu na sauti yako ya kuzungumza. Dakika mbili zinazofuata telezesha sauti kutoka chini kwenda juu na kurudi, polepole, kama king'ora. Halafu imba ubeti mmoja au miwili ya wimbo unaoupenda, humo humo ndani ya mrija, bila maneno.

Hewa ikikuta njia nyembamba mbele yake, sehemu ya msukumo hurudi nyuma mpaka kooni. Msukumo huo huziachanisha kidogo nyuzi za sauti, zikatetema bila kugongana kwa nguvu. Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani, ni miongoni mwa waliolieneza sana zoezi la mrija kwa waimbaji. Mapovu yakitoka na sauti haipo, unapuliza tu, huimbi. Bana pua kwa vidole katikati ya zoezi. Sauti ikibadilika au kukatika, ujue hewa ilikuwa inavujia puani. Na ukiuzamisha mrija mpaka chini ya glasi, maji yanakuwa mazito kuyasukuma, shingo inakakamaa, na faida yote inapotea.

Dakika zilizobaki imba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Ya chini, si ya kunong'ona: ukisikia pumzi nyingi kuliko sauti, ongeza kidogo.

Tangu shuleni naambiwa natoka nje ya tuni. Napenda muziki kupita kiasi lakini naona aibu kuimba hata nikiwa peke yangu. Kuna dawa?

Barua hii ndiyo iliyotugusa zaidi, maana wanaoambiwa hivyo utotoni ni wengi, na wengi wao wana masikio mazima kabisa. Jipime hivi: msikilize mtu mwingine akiimba wimbo unaoujua, naye akosee noti moja kwa makusudi. Umeshtuka? Basi sikio lako linafanya kazi. Kinachokosekana ni mawasiliano kati ya sikio na koo, na hayo hufundishika katika umri wowote. Wapo watu ambao ubongo wao hautofautishi noti, lakini ni wachache mno, na kwa kawaida hao muziki hauwavutii kiasi cha kutuandikia barua kama yako.

Anza na noti moja. Fumba mdomo uitikie "mm-hm" kama unayekubaliana na mtu. Noti hiyo ya kuitikia ndiyo nyumbani kwa sauti yako. Itafute kwenye kinanda, au kwenye programu ya simu inayopima noti. Sasa ipige, isikilize sekunde 3 ukiwa kimya, nyamaza sekunde 2 ukiisikia kichwani, ndipo uitoe kwa mdomo uliofumba. Wanaokosea wengi huruka zile sekunde 2. Huanza kuimba noti ingali inalia, wakaitafuta kwa kupapasa, na koo likazoea kupapasa.

Ukiwa chini ya noti, usikate ukaanza upya. Telezesha sauti juu taratibu mpaka ule mtetemeko wa noti mbili zinazogombana utulie. Utausikia: sauti yako na ya kinanda zinavuma "wa-wa-wa", kisha mawimbi yanapungua kasi, kisha kimya, zimekuwa kitu kimoja. Mtu akishausikia utulivu huo mara moja, hausahau. Mshale wa programu ukiyumba kidogo usikutishe. Kati ya noti moja na nusu toni inayofuata (kibonye cha jirani kabisa kwenye kinanda) kuna hatua 100, na kupotea hatua 10 mwenye sikio la kawaida hakuoni.

Wiki ya pili nenda do-re-do. Ya tatu, do-re-mi-re-do. Mrukio wa do kwenda so usubiri mpaka hizo zikae. Jambo moja kwa wanaume: kufuata sauti ya mwanamke ni kugumu, kwa kuwa yeye huwa oktavu nzima (kutoka do hadi do ya juu) juu yako, nawe utajikuta unavutwa mahali pa katikati pasipo na noti. Tafuta sauti ya mwanamume mwenzako uifuate.

Jirekodi kila Jumapili, dakika moja tu. Sauti yako kwenye rekodi itakushangaza kwa wembamba. Hiyo si kasoro. Unapoimba hujisikia pia kupitia mifupa ya fuvu, ambayo hupitisha vizuri sauti nzito. Rekodi haina mifupa hiyo.

Nina miaka 54. Nyimbo nilizoziimba kwa urahisi nikiwa kijana sasa zinanikatikia juu. Nifanye mazoezi gani nizifikie tena?

Mama, kabla ya mazoezi, shusha wimbo. Kwa wanawake, sauti hushuka kadiri ukomo wa hedhi unavyofika, kwa sababu homoni hubadilika na nyuzi za sauti hunenepa. Kwa wanaume wazee mara nyingi huwa kinyume: nyuzi hukonda na sauti hupanda, ikawa nyepesi. Kupigana na hilo kwa nguvu ndiko kunakoharibu koo. Wimbo haukuteremshwa na ufunguo wake, yaani ile noti ya nyumbani unakojengwa.

Tafuta noti ya juu kabisa unayoweza kuiimba kwa "aa" mara tatu mfululizo bila kuinua kidevu wala kukaza shingo. Shuka nusu toni mbili chini yake. Hapo ndipo kilele cha wimbo wako kiwe, ili ubaki na akiba siku umechoka. Tuseme wimbo uko kwenye ufunguo wa G na unapanda mpaka E, nawe kilele chako, baada ya kushuka hizo nusu toni mbili, ni C. Hesabu: E, E flati, D, C shapu, C. Ni nusu toni 4 kushuka, kwa hiyo G inakuwa E flati. Mpiga gitaa asilalamike: aweke kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, apige kodi za D. Ukitumia programu ya simu kushusha muziki uliorekodiwa, nusu toni 2 au 3 hazina neno; zaidi ya hapo ala huanza kusikika zimelewa.

Baada ya hapo, fanya zoezi la mrija tulilolieleza juu. Noti za juu kiasi fulani zitarudi. Zikirudi, pandisha wimbo nusu toni moja kwa mwezi, si zaidi.

Kila nikiimba na wenzangu kwenye ukumbi, kesho yake sauti imekauka. Naharibu koo?

Inategemea inarudi lini. Sauti iliyochoka kwa kazi halali hurudi asubuhi inayofuata. Ikichukua siku mbili au tatu, umeimba kwa kupiga kelele.

Fikiria idadi. Noti ya katikati ya mwanamke ina mitetemo kama 220 kwa sekunde, maana yake nyuzi zinakutana mara 220 kila sekunde. Nusu saa ya sauti halisi ni migongano 396,000. Ikiwa laini, nyuzi zinavumilia. Ikiwa ya nguvu, zinavimba.

Ukumbini mtu hupaza sauti bila kukusudia, kwa kuwa hajisikii. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hilo mwaka 1911, na bado linaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo usitafute nguvu zaidi, tafuta kujisikia. Spika inayokurudishia sauti ielekezwe usoni kwako, si miguuni. Kama hakuna, ziba sikio moja kwa kidole. Kuimba na redio ya gari barabarani kuna tatizo lile lile. Punguza redio kwanza.

Sauti ikikauka, nyamaza. Kunong'ona si kupumzika, kwa wengine hukaza koo zaidi. Usikohoekohoe kusafisha koo, meza mate au funda la maji. Ukavu ukizidi wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ukikohoa damu, ukipumua kwa shida, au ukihisi uvimbe shingoni, usisubiri hata hizo wiki.

Asali na tangawizi vinasaidia?

Vinatuliza koo, lakini havigusi nyuzi za sauti. Unachomeza hupita njia ya chakula. Kingegusa nyuzi ungepaliwa. Maji nayo huzifikia kupitia damu, hivyo yanywe saa kadhaa kabla ya kuimba, kidogo kidogo. Kinachozigusa moja kwa moja ni mvuke: dakika 10 juu ya bakuli la maji ya moto, uso ukiwa mbali kiasi cha kutoungua.

Nimejiunga na kwaya nikapewa alto, sauti ya pili ya wanawake chini ya soprano. Nikiwa nyumbani naijua, tukikutana na soprano naifuata soprano. Nifanyeje?

Hili huwapata karibu wote, kwa sababu soprano ndiyo yenye wimbo wenyewe na sikio huuparamia.

Jifunze alto kwa solfa (do-re-mi) kabla ya maneno. Mfumo huu ulibuniwa na Sarah Glover wa Uingereza, John Curwen akauendeleza na kuusambaza katika karne ya 19. Nguvu yake ni kwamba kila noti ina tabia yake: ti inataka kupanda do, fa inataka kushuka mi. Ukiijua alto kama tabia hizo, soprano haikuyumbishi. Gawa wimbo vipande vya mistari miwiliwili na uanze na kipande cha mwisho, kisha kinachokitangulia. Ukifanya hivyo, kila hatua inakupeleka mahali unapopajua, badala ya kukupoteza mbele.

Halafu rekodi soprano kwenye simu. Icheze kwa sauti ndogo sana huku ukiimba alto, na kila siku iongeze kidogo. Weka alama ya penseli pale sauti mbili zinapogusana kwenye noti moja au kupishana, maana hapo ndipo watu huhamia. Kwenye alama, usiisikilize soprano kabisa. Isikilize besi.