Maswali ya Wasomaji: Mishale ya Dashibodi Baada ya Kubadili Kontroli Boksi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE. Tumeng'oa kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani pamoja na ignaita yake, kile kifaa kinachokata na kuwasha umeme wa koili, tukafunga boksi ya kuprogramu kwa laptopu na koili sita mpya zenye ignaita ndani. Gari linawaka vizuri, ila mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umelala sifuri. Fundi wa mtaani anasema dashibodi imeungua, ninunue nyingine. Ni kweli?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Hela ya dashibodi iweke mfukoni kwanza. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 mshale wa RPM unalishwa na ile ignaita mliyoing'oa. Ilipoondoka, waya wa RPM ulibaki unaning'inia upande wa injini. Kaangalie mahali ignaita ilipokaa, huenda bado upo, umezungushiwa utepe mweusi.

Kwenye mchoro wa boksi mpya tafuta pini ya kutoa RPM, uunge hapo. Wengi hukwama baada ya hatua hii, kwa sababu kwenye boksi nyingi pini hiyo haitoi volti 12. Kazi yake ni kuuvuta waya hadi ethi (hasi ya bodi) na kuuachia, basi. Kama dashibodi haina namna yake ya kuupandisha waya ukiachiwa, hakuna pigo litakaloonekana na mshale hautanyanyuka. Chomelea rezista ya omu 1,000, nusu wati: ncha moja kwenye waya wa RPM, nyingine kwenye volti 12 zinazokuja swichi ikiwashwa, baada ya fyuzi. Ya robo wati kwa hesabu inatosha, lakini itapata moto, na nyuma ya dashibodi hakuna hewa.

Sasa weka mita kwenye volti za DC, upime waya wa RPM injini ikiunguruma. Ukipata kati ya volti 5 na 9, mapigo yapo. Ikibaki 12 au 14 bila kutikisika, boksi haivuti. Rudi kwenye laptopu uangalie kama pini hiyo imepangiwa kazi ya RPM. Ukikuta sifuri, rezista haipati umeme au waya umegusa bodi mahali.

Mshale ukiamka lakini ukadanganya, usiubishie, piga hesabu. Injini ya silinda sita hutoa mapigo matatu kwa kila mzunguko wa krenki, ya silinda nne mawili. Laptopu ikisema 3,000 na dashibodi ikasema 2,000, boksi yako inatoa mapigo mawili kwa dashibodi inayotarajia matatu. Badilisha namba hiyo kwenye programu. Mshale unaorukaruka ukikanyaga mafuta ni habari nyingine: waya umefungwa pamoja na nyaya za koili. Utenganishe, au tumia waya wenye wavu, wavu ukiungwa kwenye ethi upande mmoja tu.

Mita ikionyesha mapigo yapo na mshale bado umelala, pima tena waya huohuo kwenye plagi ya nyuma ya dashibodi, usije ukawa umekatika njiani. Ukiwa mzima, kuna dashibodi za zamani zilizozoea kuunganishwa upande wa hasi wa koili, ambako kila cheche hurudisha mamia ya volti. Pigo la volti 12 kwao ni mnong'ono. Baadhi ya mafundi huweka koili ya rilei ya volti 12 badala ya rezista ili ipige teke la volti kila inapoachiwa. Inafanya kazi, na italia kama nyuki, lakini rilei yenye dayodi ndani haifai, na boksi nyingi zina kinga inayolikata teke hilo. Adapta ya RPM, kifaa cha kukuza pigo hilo, ni njia safi zaidi. La kukatazwa kabisa ni kuunga pini ya boksi moja kwa moja kwenye hasi ya koili, utaiua.

SWALI: Shikamoo fundi. Baada ya kufunga boksi mpya, sensa moja ya maji inalisha boksi na mshale wa joto kwa pamoja. Gari linatoa moshi mweusi, plagi zinaloa, na juzi limechemsha feni ikiwa imelala.
*Msomaji, Pasua, Moshi*

JIBU: Marahaba. Dalili zote tatu zina mama mmoja. Boksi hupeleka volti 5 kwenye sensa kupitia rezista yake ya ndani, kisha husoma volti zilizobaki. Sensa ikiwa baridi ukinzani ni mkubwa, volti zinabaki juu. Ikipata moto zinashuka. Dashibodi nayo inamimina volti zake kwenye waya uleule. Boksi inaona volti nyingi, inaamini injini ni ya baridi, inaongeza petroli, na feni inayoamriwa na boksi haiwaki kwa sababu kwa hesabu zake hakuna joto. Endelea hivyo na siku moja pini ya boksi itaungua.

Tenganisha: sensa ya nyaya mbili kwa boksi, ya waya mmoja kwa mshale. Ya boksi ipime kabla ya kuifunga. Za Toyota nyingi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwa joto la nyuzi 20, na kati ya 200 na 400 kwa joto la nyuzi 80. Kisha chagua jedwali la sensa hiyohiyo kwenye programu.

Kama kichwa cha injini hakina tundu la pili, adapta ya bomba la juu la redieta inafaa. Lakini sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia nyuzi za skrubu yake, na adapta iliyokaa katikati ya mpira haina ethi. Ifungie waya hadi kwenye injini, na usizungushe utepe mweupe wa mafundi bomba mara tano. Ethi ikiwa mbovu, mshale utasoma chini.

Kujaribu mshale wenyewe, chomoa waya wa sensa, uguse ethi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukipanda kuelekea H, dashibodi ni nzima.

SWALI: Injini ikiwa imezimwa, sensa ya presha ya hewa inasoma kPa 86 badala ya 101. Nibadilishe sensa?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Hapana. 101 ni ya usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu yake, na 86 ndiyo hewa yenyewe. Ukishuka Moshi utaona kama 91. Ukilazimisha isome 101, petroli itazidi.

SWALI: Tulipotengeneza nyaya upya tuliweka taa za LED kwenye dashibodi. Sasa taa ya chaji haiwaki na betri inakufa.
*Msomaji, Kijenge, Arusha*

JIBU: Kwa altaneta nyingi za zamani, mkondo unaopita kwenye balbu ya chaji hadi pini ya L (pini ya taa) ndio unaoiamsha altaneta. LED hupitisha mkondo kidogo mno. Chomoa plagi ya altaneta, washa swichi, waya wa L uguse ethi. Taa isipowaka, waya umekatika au LED imefungwa kinyume. Ikiwaka, waya ni mzima: rudisha balbu ya kawaida, au funga rezista ya omu 47, wati 5, sambamba na LED, mbali na plastiki. Injini ikiunguruma, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5.