Gemu ya nyoka: achana na mwili, shika kichwa na mkia

Mkuu, umeuliza kwa nini nyoka wako akishakula mara mbili tatu pingili zinalundikana sehemu moja, na umesema kila hatua unapita listi nzima kuanzia kichwani unaiambia kila pingili ichukue nafasi ya iliyo mbele yake. Shida iko hapohapo, maana kichwa kikishahama, pingili ya pili inachukua nafasi mpya ya kichwa badala ya ile ya zamani, ya tatu nayo hivyohivyo, mwisho zote ziko kisanduku kimoja cha uwanja. Wengi watakwambia uanzie mkiani, na kweli itakubali, ila mi nakushauri ufute hiyo lupu yote, yaani hayo marudio ya kupita pingili moja moja. Hii gemu nimeiandika kwa lugha ya programu ya Python, nikaiandika tena kwa lugha nyingine, C, kwenye kidude chenye skrini ndogo, na ndiyo naitumia kufundishia madogo wa mtaani wanaoanza kuandika programu, na hapo ndipo karibu wote hukwama.

Hebu mtazame nyoka akipiga hatua moja. Mbele kisanduku kimoja kinawaka, nyuma kimoja kinazima, basi. Katikati hakuna kilichosogea! Kwa hiyo mwili ni foleni: unaingiza kichwa kipya upande huu, unatoa mkia upande ule. Akila, hatua hiyo mkia hautolewi, na kurefuka kwenyewe ndiyo huko, hakuna cha kuandika zaidi. Python inayo deque tayari, yaani foleni unayoweza kuingiza na kutoa pande zote mbili, na kwa C unatenga safu ya visanduku 400 kama uwanja ni 20 kwa 20, unaweka namba mbili za kuonyesha kichwa na mkia viko nafasi gani kwenye safu, zikifika mwisho wa safu zinarudi sifuri. Nyoka awe na pingili 3 au 300, kumsogeza ni kazi ileile.

Na historia yenyewe inakuonyesha pa kuanzia. Nyoka tuliyemjua kwenye Nokia alikuja na simu ya 6110 mwaka 1997, aliyemwandika ni Taneli Armanto, lakini wazo lilikuwepo tangu 1976 kwenye Blockade, gemu ya mashine za kuchezea za kampuni ya Gremlin, ambako wachezaji wawili wanakimbia wakiacha ukuta nyuma, wa kwanza kugonga kashindwa. Ukiichunguza, Blockade ni nyoka asiyetolewa mkia kabisa. Anza na hiyo, na mchezaji mmoja tu, ikikubali ongeza mstari wa kutoa mkia, halafu chakula.

Sasa kuna bagi (kosa la programu) moja naipenda sana kwa sababu imejificha. Nyoka anaenda kulia, umeshaweka sharti kwamba kushoto hairuhusiwi, safi. Mchezaji mwenye vidole vyepesi anabonyeza juu halafu kushoto harakaharaka kabla hatua inayofuata haijafika. Juu inakubaliwa, mwelekeo unakuwa juu, kushoto nayo inalinganishwa na juu inaonekana halali, hatua ikifika nyoka anageukia shingo yake mwenyewe anakufa, na mchezaji anaapa hajakosea, na kweli hajakosea. Dawa yake ni foleni nyingine ndogo ya vitufe: kila hatua inachukua kitufe kimoja tu, na unakilinganisha na mwelekeo ambao nyoka ameenda kweli hatua iliyopita. Hapo juu inatumika sasa, kushoto inasubiri hatua inayofuata, na utasikia mkononi jinsi gemu inavyotii.

Angalia pia mpangilio wa kukagua kifo. Kama kichwa kinaingia kisanduku ambacho mkia unaondoka hatua hiyohiyo, nyoka hajajigonga, kwa hiyo toa mkia kwanza ndipo ukague (isipokuwa amekula).

Chakula usikiweke kwa kubahatisha hadi upate pa wazi. Mwanzoni hutaona tatizo, ila uwanja ukikaribia kujaa kompyuta itabahatisha muda mrefu, na ukijaa kabisa lupu haitoki tena, gemu inaganda pale ambapo mchezaji alistahili kushinda. Tengeneza listi ya visanduku vilivyo wazi, chagua humo, ikiwa tupu mtangaze mshindi. Kulijaribu hilo punguza uwanja uwe 4 kwa 4, unaujaza fasta tu. Ikigoma bandika hapa ile sehemu ya hatua moja, tuipitie pamoja.