Je, Mungu Anaiadhibu Marekani kwa Vimbunga? Jibu kwa Ndugu Zangu wa Hanang

Wazee wangu, shikamooni, na vijana nawasalimu nyote. Tangu kimbunga Beryl kilipopita juu ya jiji hili la Houston tarehe 8 Julai 2024, mmenitumia maswali mengi ambayo nikiyakusanya pamoja yanabaki mawili. La kwanza ni kama vimbunga hivi si fimbo ya Mungu juu ya nchi iliyomwacha. La pili linatokana na la kwanza: kama ni fimbo, sisi tuliolelewa usharikani tunangoja nini huku badala ya kurudi nyumbani? Mwalimu mmoja wa Shule ya Jumapili alinikumbusha kwamba hata Lutu alikawia Sodoma mpaka akashikwa mkono. Nimeamua kujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu mazungumzo ya namna hii hukatishwa na salamu za watoto kabla hayajafika popote.

Tuanze na ramani. Vimbunga vya Atlantiki na Ghuba ya Mexico hupata nguvu kutokana na maji ya bahari yenye joto, na ndiyo maana hupiga zaidi pwani za kusini: Texas, Louisiana, Florida na majimbo ya Carolina. Sehemu kubwa ya eneo hilo ndiyo ambayo Wamarekani wenyewe huiita Ukanda wa Biblia, mahali ambapo makanisa yamepangana barabarani kama maduka ya Kariakoo, na ambapo mtu usiyemjua anaweza kukuuliza unasali wapi kabla hajakuuliza unafanya kazi gani. Las Vegas, jiji linalosifika kwa kamari, halipigwi na vimbunga kwa sababu liko jangwani, mbali na bahari. Anayetaka kusoma hukumu ya Mungu katika njia za vimbunga atalazimika kukiri kwamba Mungu huwakasirikia zaidi wanaoimba tenzi kuliko wacheza kamari, na sidhani kwamba kuna mchungaji kwetu atakayethubutu kulifundisha jambo hilo kwenye Kipaimara.

Mwaka 2017 nilikuwa tayari naishi hapa kilipokuja kimbunga Harvey. Kilifika nchi kavu karibu na mji wa Rockport usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti, kisha kikapunguza mwendo na kukaa juu yetu kwa siku kadhaa kikimwaga mvua. Katika mji wa Nederland, mashariki ya Houston, kilipimwa kiasi kinachozidi milimita 1,500, mvua ambayo sehemu nyingi za Tanzania hazipati kwa mwaka mzima. Jumapili, tarehe 27, barabara zilikuwa mito na ibada nyingi hazikufanyika. Katika wilaya yetu ya Harris pekee nyumba zaidi ya 150,000 ziliingiwa na maji, na nyingi kati ya hizo zilikuwa nje ya maeneo ambayo ramani za serikali zilikuwa zimeyatia alama kuwa ya hatari. Magharibi mwa jiji yapo mabwawa mawili ya kuzuia mafuriko, Addicks na Barker, yaliyojengwa na jeshi katika miaka ya 1940 kulipokuwa na mashamba na nyasi tu. Baadaye watu waliuziwa viwanja na kujenga mpaka ndani ya eneo ambalo maji ya mabwawa hayo hutanuka yanapojaa. Yalipofurika, wahandisi walilazimika kuyafungulia ili kingo zisivunjike, na waliokaa chini ya mabwawa nao wakafurika. Hapo naona mvua, naona ramani zilizopitwa na wakati, na naona tamaa ya wauza viwanja. Dhambi imo, sikatai, lakini waliolala ndani ya nyumba zilizofurika si hao walioitenda.

Mimi nilikuwa nikiishi ghorofa ya juu, nikabaki mkavu. Chini yangu aliishi mjane kutoka Honduras ambaye hakukosa misa ya asubuhi isipokuwa akiwa mgonjwa, naye alipoteza godoro, friji, picha za marehemu mumewe na cheti chake cha ubatizo. Kama yale maji yalikuwa hukumu, basi hukumu hiyo haikujua kupanda ngazi.

Lakini kisa kinachonifunga mdomo kila ninaposikia habari za fimbo ya Mungu ni cha zamani zaidi. Kusini ya hapa, mwendo wa saa moja kwa gari, kipo kisiwa cha Galveston. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kilikifunika kisiwa hicho na kuua watu wasiopungua 6,000, na hadi leo hakuna maafa ya asili yaliyoua watu wengi kuliko hayo katika historia ya Marekani. Ufukweni palikuwa na kituo cha watoto yatima kilichotunzwa na masista wa Kikatoliki. Maji yalipozidi kupanda, masista waliwapandisha watoto juu, wakawaimbisha wimbo wa kumwomba Bikira Maria ili wasiogope, kisha wakachukua kamba za kuanikia nguo na kila sista akajifunga pamoja na kundi la watoto ili mawimbi yasiwatenganishe. Masista 10 na watoto 90 walikufa. Wavulana watatu tu ndio waliopona, kwa kushikilia mti uliokuwa ukielea. Miili ya baadhi ya masista ilipookotwa, watoto walikuwa bado wamefungwa kwao. Nauliza kwa heshima zote: katika kituo kile aliyekuwa anaadhibiwa ni nani?

Najua mtaniambia kwamba Biblia yenyewe ina Gharika na ina Sodoma. Ni kweli, nami sitaki kuzifuta kurasa hizo kwa sababu zinanisumbua. Hata hivyo, someni tena sura ya 18 ya Mwanzo na mtazame alichofanya Ibrahimu alipoambiwa kuhusu Sodoma. Hakukaa kivulini akihesabu makosa ya wenyeji, bali alisimama mbele za Bwana akawaombea, akashuka kutoka wenye haki hamsini hadi kumi, huku akijua kwamba yeye ni mavumbi na majivu. Mwenye kuitaja Sodoma anapoona video ya nyumba zetu zikipeperuka, basi na afanye kama Ibrahimu kwanza. Tena katika Luka sura ya 13 Bwana wetu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na jibu lake lilikuwa sivyo. Aliwageuzia maneno waliokuwa wakimsikiliza, akawaambia watubu wao.

Na tusiende mbali. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mlima wetu wa Hanang ulimeguka, tope na magogo vikateremka hadi Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakafa. Kwetu huku ilikuwa bado Jumamosi usiku, na nilikesha nikipiga namba ambazo hazikupokelewa. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikashindwa kujizuia. Nakumbuka pia jinsi mlivyoumia mtu wa mkoa mwingine aliposema kwamba watu wa Katesh wameadhibiwa kwa sababu ya matambiko ya mlimani. Mama mkubwa alilia kuliko alivyolia msibani. Alisema mtu huyo hakumjua hata mtoto mmoja kati ya wale waliozikwa. Maneno yale yale, mkiyavusha bahari, hayageuki kuwa mafundisho sahihi.

Sasa niseme wazi kuhusu maisha yenyewe, kwa sababu nahisi nyuma ya maswali yenu kuna fikira kwamba sisi wa huku serikali hutulipa kila kitu kinachoharibika. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kimbunga kinapokaribia, baadhi yetu huandikwa katika kikosi cha kubaki: tunaingia kazini na nguo za kubadilisha, tunalala sakafuni kwa zamu, na hatutoki mpaka hali itulie, wakati familia zetu ziko nyumbani peke yao. Mke wangu husafisha ofisi. Ofisi zikifungwa hana saa za kazi, na asiye na saa hana mshahara, ila kodi ya nyumba hudaiwa tarehe moja kama kawaida. Mwezi ule wa Beryl, ambapo zaidi ya nyumba na biashara milioni mbili zilikosa umeme na wengine wakakaa gizani zaidi ya wiki katika joto kali la Julai, tulitupa chakula chote kilichokuwa kwenye friji. Ndiyo sababu ada ya shule ilichelewa. Niliwaambia hivyo wakati ule, na mmoja wenu akacheka akidhani ninatafuta kisingizio.

Bima nayo ina mambo yake. Bima ya kawaida ya nyumba huku hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko hununuliwa kando, mara nyingi kupitia mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1968, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo huwezi kuikimbilia kimbunga kikiwa tayari kwenye televisheni. Serikali kuu ina shirika la maafa, FEMA, linalotoa fedha kwa waathirika, lakini fedha hizo ni za raia na wageni wa daraja fulani la kisheria. Mwenye viza ya muda, au anayesubiri uamuzi wa ombi lake la ukimbizi, atapewa chakula, maji na mahali pa kulala, lakini fedha ya kutengenezea nyumba hapati, labda akiwa na mtoto aliyezaliwa hapa ambaye ombi litapita kwa jina lake. Wapo ndugu zetu wa Kiswahili waliopoteza kila kitu na hawakujaza hata fomu kwa hofu ya kuandika anwani yao.

Wakati huo ndipo nilipoyaona makanisa. Baada ya Harvey walikuja wazee wa Kibaptisti waliovaa fulana za njano, wastaafu watupu, wakaingia katika nyumba za watu wasiowajua wakiwa na nyundo na toroli. Ukuta wa nyumba za huku ni bodi za jipsamu, na maji yakifika magotini, bodi huyanyonya na unyevu hupanda mpaka kiunoni, kisha ndani huota ukungu mweusi. Kwa hiyo hukata ukuta wote kwa mstari ulionyooka, huchomoa sufi iliyolowa ya ndani ya ukuta ambayo hunuka kama mtaro, huacha mbao wazi zikauke, na takataka hupangwa kando ya barabara mpaka zinaizidi gari kimo. Kwa yule mjane wa chini yangu walifanya kazi kutwa nzima. Hawakumuuliza kuhusu Bikira Maria, ingawa nina hakika walikuwa na maoni. Walisali naye kwa mkalimani, wakaenda nyumba iliyofuata.

Usharika wetu wa Kiswahili, wenye Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo, ulifunzwa jambo jingine baada ya Beryl. Jumapili iliyofuata tulisali bila umeme, milango wazi, kila mtu akijipepea kwa karatasi. Ndugu mmoja alisimama kutoa ushuhuda kwamba mti mkubwa ulikuwa unaiangukia nyumba yake, lakini Mungu akaugeuza, ukaangukia gari la jirani. Watu walisema amina, japo kwa sauti ndogo. Ndipo mama mmoja wa kwaya, mzaliwa wa Goma, aliyeshuhudia lava ya volkano ya Nyiragongo ikiingia mjini Januari 2002 na kuliangamiza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Na huyo jirani, mumemuona leo?" Ibada iliendelea. Alasiri wanaume watatu walikwenda na msumeno wa mnyororo kuukata ule mti.

Tangu siku hiyo shuhuda za kuokolewa kwa gharama ya mwingine zimepungua kwetu. Mimi bado naamini kwamba Mungu hulinda, na kila kikosi cha kubaki kinapoitwa husoma na wazee ninaowatunza Zaburi ya 46, inayosema habari za milima kutetemeka na maji kuvuma. Sijui kwa nini sista na mtoto aliyefungwa kwake walizama, na siku hizi simwamini kwa urahisi mtu anayedai kujua.

Kuhusu kurudi, jibu langu linategemea ada, matibabu na karatasi zangu za ukaazi, wala halitokani na vimbunga. Hanang nako kunahitaji watu waliojifunza kuhama mapema na kuzibua mifereji, na kama baraza la wazee litakubali, ningependa mchango wetu wa mwaka huu utumike kwa mifereji ya mtaa wa chini kabla ya kununua vipaza sauti vipya. Msimu wa vimbunga huku huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba. Katika miezi hiyo nikikosa kupatikana siku mbili tatu, mjue umeme umekatika au niko zamu ya kubaki. Fedha ya dawa za bibi nitaituma yote mwezi wa Mei, na aliye karibu naye aiweke mahali ambapo haitagusika.