Dimpozi zilizoninyima kazi

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeanza kutafsiri aliniandikia: "Shikamoo kaka, dimpozi kwa Kiswahili sanifu ni nini?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Neno hilo liliwahi kuninyima kazi.

Miaka sita iliyopita nilipewa jaribio na kampuni moja ya tafsiri, kurasa nne kuhusu gofu. Niliitaka kazi ile kama wewe unavyoitaka yako ya kwanza. Kila vilipotajwa vile vishimo vya kwenye mpira, niliandika "dimpozi", maana ndivyo tunavyosema mtaani kwa mtu ambaye mashavu yake hubonyea akicheka. Nilijibiwa kwa mstari mmoja tu: "Mpira haucheki." Sikuitwa tena, na hadi leo mstari ule unaniuma.

Nilipotulia nikaanza kulichimba neno lenyewe. Waingereza wanasema dimple tangu mnamo mwaka 1400 hivi. Wanaisimu hulihusisha na tumphilo la Kijerumani cha kale, yaani mahali mtoni ambapo maji huzunguka na kudidimia. Mjerumani wa leo anasema Tümpel, naye anamaanisha dimbwi. Kumbe mama yangu mdogo, ambaye ukoo mzima unamsifia mashavu, amebeba vidimbwi viwili usoni! Sisi nasi tulilipokea neno likiwa katika wingi, tukalifanya moja, kama tulivyofanya kwa chipsi.

Shavuni, mara nyingi kishimo hutokana na msuli wa tabasamu uliogawanyika mara mbili. Kwenye mpira kina kazi nyingine kabisa. Zamani wachezaji waligundua kwamba mipira iliyochakaa na kukwaruzika iliruka mbali kuliko mipya iliyo laini, na mwaka 1905 Mwingereza William Taylor akapata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya mpira wenye vishimo. Vishimo hivyo huifanya hewa iushikilie mpira kwa muda zaidi kabla ya kuachana nao, basi upepo hauuvuti sana nyuma. Ningeyajua hayo siku ile, ningeandika "vibonyeo" bila kusita.

Kwa hiyo chimba neno. Kabla hujafungua kamusi, uliza kishimo kiko wapi na kinafanya nini, kisha chimba tena. Mwezi uliopita nililetewa maandishi mengine ya gofu, kurasa 60, na mhariri hakugusa "vibonyeo" hata kimoja. Nilizichapa nikaziweka juu ya zile nne za zamani. Usikubali mtu akuambie Kiswahili hakina neno. Anayesema hivyo hajachimba.

Marahaba, mdogo wangu. Kama ni shavu la bibi harusi, acha dimpozi ibaki, watu wanaipenda. Lakini hukuniambia vishimo vyako viko wapi. Nitumie sentensi nzima.