Neva zimeunguzwa, kiuno bado chauma

Maswali ya wasomaji, majibu ya jopo letu la afya

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni fundi cherehani, umri wangu miaka 54, naishi Wete. Kiuno kinaniuma mwaka wa sita huu. Nilikwenda Chennai, nikapigwa sindano moja ya majaribio, maumivu yakapungua kidogo. Siku ya pili yake nikaunguzwa kwa sindano ya joto neva za pingili za chini, ili zisipeleke maumivu, pande zote mbili. Sasa ni mwezi wa nne, sioni tofauti. Nikikaa kwenye mashine nusu saa kiuno chawaka moto. Nikitembea napata nafuu. Wanangu wanataka kuchangishana nirudi India nikatiwe vyuma vya kushikilia pingili. Nifanyeje?
Mama fundi, Wete

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Waambie wanao wasichange kwanza. Katika barua yako nzima, neno lililotushughulisha zaidi ni "kidogo".

Sindano ya majaribio haitibu, inauliza. Daktari hutia ganzi kama nusu mililita kwenye kila neva inayochukua habari ya maumivu kutoka vifundo vidogo vya nyuma ya pingili. Kisha mgonjwa hutakiwa ayafanye yale yanayomuumiza, huku akiandika kila baada ya muda maumivu yamefika wapi. Yakiwa yanatoka kwenye vifundo hivyo, hushuka sana: wataalamu wengine hutaka yapungue angalau nusu, wengine asilimia 80. Yakishuka kidogo tu, jawabu limeshapatikana: yanatoka kwengine. Na hata sindano moja iliyotuliza vizuri huweza kudanganya, kwani mtu aliyelala kitandani na mwenye matumaini hupata nafuu bila ya ganzi kufanya kazi. Ndiyo maana walio makini huirudia siku nyengine kwa ganzi tofauti, lidokaini inayoisha mapema na bupivakaini inayodumu zaidi, waone kama nafuu inafuata muda wa dawa. Kwako inaelekea neva zimeunguzwa sawasawa, ila hazikuwa na kosa.

Dalili zako nazo zaelekea huko huko. Vifundo vya nyuma huuma zaidi mtu anapojinyoosha kwa nyuma au kujipinda: akiinuka kutoka rukuu, au akiangua karafuu kichwa kikitazama juu. Yako yanakuja ukikaa na kuinama, yanapoa ukitembea. Hapo diski, yaani mto laini ulio baina ya pingili, ndiyo ya kushukiwa mwanzo. Dalili peke yake hazitoshi kuhukumu, lakini zatosha kuonyesha pa kuanzia.

Hata hivyo usiiwache nafasi ya kosa la ufundi. Iombe hospitali iliyokutibu ripoti kamili na picha za eksirei zilizopigwa sindano ikiwa mwilini. Tazama mambo matatu. Kwanza, neva zipi: kila kifundo hulishwa na neva mbili, kwa hivyo kifundo kilicho baina ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno chataka neva ya tatu na ya nne zote, ikiunguzwa moja, nyengine inaendelea kupeleka habari. Pili, joto na muda: kwa kawaida nyuzi 80 hadi 90 kwa sekunde 60 hadi 90 au zaidi. Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, mlalo wa sindano. Joto hutoka zaidi ubavuni mwa ncha kuliko mbele yake. Sindano ikilala sambamba na neva huunguza kipande kirefu, ikichomwa kwa kusimama huigusa nukta tu.

Ripoti ikiwa safi, rudi kwenye uchunguzi, usirudi kwenye mashine ya kuunguza. Daktari akupime upya kwa mikono. Ukiweza kuonyesha penye maumivu kwa kidole kimoja, kwenye kishimo kilicho chini ya kiuno upande mmoja, kiungo cha nyonga na uti kinahitaji majaribio yake, kwa sindano inayoongozwa na picha. Maumivu yakishuka chini ya goti, pamoja na ganzi au udhaifu, ni mzizi wa neva unaobanwa. Huko sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na mzizi huweza kusaidia kwa muda. Na ikiwa picha ya MRI inaonyesha mifupa iliyopakana na diski imevimba au imegeuka mafuta, ipo neva ya ndani ya pingili yenyewe inayoweza kuunguzwa. Hiyo ni tiba nyengine kabisa, ijapokuwa jina linafanana. Kwa ushauri wa uti wa mgongo si lazima uanzie India: Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti, na Dar kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Vyuma ni vya pingili zinazoteleza, zilizovunjika au zinazobana neva. Kwa kiuno kinachouma tu, pingili zikiwa imara, matokeo yake hayatabiriki, na vyuma vikishatiwa havitolewi kirahisi.

Wakati unasubiri, inuka mashineni kila nusu saa, pandisha kiti mpaka nyonga ziwe juu ya magoti kidogo, tembea dakika 10 mara mbili kwa siku ukiongeza taratibu. Mazoezi unayahitaji zaidi ya mwengine, kwa sababu neva zilizounguzwa ndizo pia zinazoamrisha misuli midogo ya kushikilia pingili. Piga magoti na viganja juu ya mkeka, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, shikilia sekunde 8, badilisha. Mara 6 kila upande. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, usiinunue dukani mwezi baada ya mwezi: huumiza figo na tumbo, na hupandisha presha.

Homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu visisubiri miadi. Kifua kikuu hukaa kwenye uti pia, na ugonjwa wa maziwa mabichi, bruselosisi, huweza kufika huko huko.

SWALI: Mume wangu ameunguzwa neva wiki tatu zilizopita. Ngozi ya kiunoni yamuwaka kama aliyeungua na jua, hata kanzu ikimgusa anashtuka. Wamemharibu?
Jang'ombe, Unguja

JIBU: Inaelekea hawakumharibu, dada. Neva iliyounguzwa huvimba na kulalamika kabla ya kunyamaza, na ngozi iliyo juu yake husikia hivyo hivyo. Kwa kawaida hupoa ndani ya wiki chache. Mrudisheni kwa daktari wake. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, ya kuanzia miligramu 300 usiku, au jeli ya lidokaini juu ya ngozi, huwapunguzia wengi. Chupa ya maji ya moto asiweke: penye ganzi mtu huungua asijue. Nafuu ya kiuno nayo isihukumiwe kabla ya wiki ya sita. Lakini akishindwa kukojoa, au akipata ganzi sehemu anayokalia, au mguu ukilegea, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

SWALI: Niliunguzwa neva nikapona miezi 11, sasa maumivu ni yale yale, pahala pale pale. Nimefeli?
Mkoani

JIBU: Hapana. Neva humea tena, mara nyingi baada ya miezi 6 hadi 12, na nafuu yako ya miezi 11 ni ushahidi kuwa ilipigwa mahala pake. Kuunguzwa tena kwafaa. Ila maumivu yakiwa yamehama upande au yameshuka mguuni, anza kwa kupimwa upya.