Unamvua Akiwa Usingizini

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Providence, Rhode Island, huku Marekani. Nimesikia habari za samaki wa miambani aitwaye tautog. Nimekesha mara tatu kwenye majabali ya Beavertail kwa chambo cha ngisi, kama tulivyovua changu nyumbani. Sijapata hata mmoja. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikulia Kojani, kisiwani Pemba, nikaenda dago, kambi za wavuvi, tangu utotoni, na nilipofika huko nilikesha vilevile, mikono ikafa ganzi kwa baridi. Tautog ni jamaa ya pono, na usingizi wa pono unaujua. Jua likizama hujipenyeza kwenye ufa wa mwamba akatulia tuli hadi kupambazuke. Nenda mchana.

Ngisi mwache. Huyu hula kome na kaa: meno ya mbele hung'oa kome mwambani, na kooni ana magego ya kusagia magamba. Tafuta kaa wadogo wa kijani, kata nusu, ng'oa miguu, pitisha ndoana kwenye tundu la mguu. Chubwi lifike chini kabisa. Utasikia anadonadona, usivute, bado anavunja. Mshipi ukiwa mzito, vuta juu kwa nguvu na usimlegezee hata kidogo, maana akiwahi pangoni mwake umempoteza, pamoja na ndoana.

Oktoba na Novemba ndiyo miezi yake. Maji yanaanza kupoa, anakula sana kabla ya kwenda kina kirefu, ambako baridi humlegeza.

Aliye chini ya inchi 16, yaani kama sentimita 40, mrudishe, ndiyo sheria. Nami nakuomba mrudishe pia jike kubwa, kwa sababu mayai yake ni mengi mno kuliko ya mdogo. Samaki huyu hukua polepole, anaweza kupita miaka 30, na mwamba aliouzoea haachani nao kirahisi. Kuna jabali moja tulilivua misimu miwili bila huruma, mimi na wenzangu. Msimu wa tatu tulishinda pale tukarudi na kaa wetu wa chambo ndooni. Bado naumia nikilipita.

Wa kula, mvue ngozi kwanza, ni nene na ina utelezi. Nyama yake nyeupe imeshikana, haivurugiki kwenye mchuzi wa nazi.